Kutafuta asili ya ukoo Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanaulizwa sana na watu wenye asili ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, hasa waliozaliwa mjini, ambao wanajua jina la babu na jina la kijiji, basi. Penye mambo mengi nimejibu kwa urefu, pasipo na mengi nimepita haraka. Kazi hii naipenda, na naamini inawezekana hata kwa mtu mwenye mshahara wa kawaida na likizo moja kwa mwaka.

Nianzie wapi?

Anzia nyumbani, ila usikae hapo muda mrefu. Andika unachokijua mwenyewe: wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, walikozaliwa, dhehebu lao, shule waliyosoma, waliko wadogo zao. Kisha omba kufunguliwa sanduku. Nyumba nyingi za wazee huku kwetu zina sanduku la bati au mkoba chini ya kitanda, na ndani mna cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne, stakabadhi za kodi, kadi ya TANU, barua ya ndugu aliyekuwa mgodini, picha zisizo na maandishi nyuma. Piga picha kila karatasi kwa simu, mbele na nyuma, hapo hapo mezani, kisha uirudishe ulivyoikuta. Usiondoke na karatasi ya mtu hata akikuruhusu. Ikipotea, umefunga mlango wa nyumba hiyo kwako na kwa wengine watakaokuja baada yako.

Stakabadhi ya kodi watu huidharau kwa udogo wake, lakini ina jina la mlipaji na mwaka, na mara nyingi ina jina la eneo alilohesabiwa. Mlipaji akiwa ni babu, tayari unajua kwamba mwaka fulani alikuwa mtu mzima na alikuwa mahali fulani.

Kwa nini nitafute ndugu wa mbali wakati babu mdogo yupo hapa hapa kijijini?

Babu mdogo mhoji, tena mapema. Lakini aliyebaki nyumbani mara nyingi hakuwa na haja ya kukumbuka. Kila siku anapita pembeni ya kaburi la mzee wake, majirani wote wanamjua, hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Aliyeondoka Ubena akaolewa Usangu, au aliyehamia Chunya enzi za dhahabu ya Lupa, amejieleza maisha yake yote: mimi ni wa fulani, tunatoka mahali fulani, kwetu hatuli mnyama fulani. Maelezo hayo amewapa watoto wake wakiwa wadogo, kwa sababu ugenini mtoto lazima ajue kwao. Ndiyo maana utakuta mjukuu wa Chunya anataja majina ya mababu hadi wa tano, wakati wajukuu waliobaki kwenye kiwanja cha babu wanaishia wa tatu.

Kwa hiyo ukiwa na uwezo wa safari moja tu, nenda kwa shangazi. Alizaliwa ndani ya ukoo wako, akaolewa nje, na kila msiba na kila mahari amekuwa akirudi kukaa na wakubwa. Kwa Wanyakyusa hasa, mwulize habari za ng'ombe wa mahari: walitoka kwa nani, wakaenda kwa nani, wakamwolea nani. Mtu anaweza kusahau jina la mke wa pili wa babu yake lakini akakumbuka vizuri kwamba ng'ombe wa binti yule ndio waliomwolea kaka yule. Ukifuata ng'ombe, unawapata watu.

Usisahau walio ng'ambo ya mpaka. Koo za Kyela zina ndugu Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, na Wanyamwanga wa upande wa Tunduma wana ndugu zao Nakonde na kwingineko Zambia. Mpaka ule ulichorwa na wakoloni juu ya watu waliokuwa wakioana.

Hao ndugu wa mbali nawapataje?

Kwenye misiba. Hakuna mahali pengine ukoo unapokusanyika kiasi hicho bila kuitwa. Nenda ukazike kama mtu mwingine yeyote, saidia kazi, na siku ya pili au ya tatu, watu wakiwa wametulia, ndipo uliza fulani ni nani kwetu. Chukua pia nakala ya historia fupi ya marehemu inayosomwa kabla ya mwili kwenda kaburini. Ile karatasi moja, iliyochapwa kwenye duka la stationery usiku wa manane, inataja mwaka wa kuzaliwa, kijiji, marehemu alikuwa mtoto wa ngapi kati ya wangapi, ubatizo, kipaimara, ndoa, kazi, watoto na wajukuu. Wengi huitupa wiki ileile. Ningekuwa na uwezo ningeziomba zote kwenye kila familia, maana zimeandikwa na watu wanaojua, mbele ya wale wanaoweza kusahihisha.

Njia nyingine ni tangazo kanisani au msikitini, kundi la WhatsApp la ukoo, na mwenyekiti wa kitongoji au balozi wa eneo alikohamia ndugu yako. Usiende kijijini ukaanza kuhoji watu bila kupita kwa mwenyekiti au mtendaji. Ni adabu, na pia itakuokoa na maswali mengi.

Simu ya kwanza usiulize historia. Mara nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo shangazi."
"Marahaba mwanangu. Wewe wa nani?"
"Wa kaka yako, yule aliyekuwa fundi cherehani Makambako."
"Wa kaka! Mbona mmetutupa hivyo?"

Lipokee hilo lawama. Mwombe radhi kwa niaba ya nyumba yenu, uliza afya, uliza mvua na mahindi, sema utakuja kumsalimia. Historia itasubiri hadi mkae jikoni. Ukienda beba sukari, majani ya chai, sabuni na kitenge, na kama ni Iringa au Njombe ingia na "kamwene" yako hata kama Kihehe au Kibena chako kinaishia hapo.

Niende lini?

Juni hadi Septemba, mavuno yakiwa yameingia na barabara za Makete, Ludewa na Ileje zikiwa zinapitika. Beba koti zito, kwa sababu Juni na Julai Makete ina baridi ya kuganda. Ukilazimika kwenda masika, wazee wa Iringa na Njombe waone asubuhi, kabla ulanzi, pombe ya mianzi, haujaiva na wao hawajakwenda kilabuni.

Maktaba ya mkoa itanisaidia nini? Jina la bibi yangu halitakuwa kwenye kitabu.

Ni kweli, mara nyingi halitakuwapo. Maktaba inakupa swali. Ukishasoma kwamba misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ilishambuliwa mwaka 1905 wakati wa Majimaji, hutamwuliza tena mzee, "Naomba historia ya ukoo wetu," swali ambalo hata mwenye kumbukumbu kali hajui aanzie wapi kulijibu. Utamwuliza, "Wakati wa Majimaji wazee wetu walikimbilia wapi, na nani hakurudi?" Hapo mzee ananyoosha miguu na kuanza. Mtu aliyekwenda mikono mitupu na mtu aliyesoma kidogo hupewa majibu tofauti na mzee yuleyule.

Mbeya na Iringa zina maktaba za mikoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Anzia huko, kisha uliza utaratibu wa wasomaji wa nje kwenye maktaba za vyuo: Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha Catholic University, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na kwa Mbeya, Teofilo Kisanji. Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, na mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Vitabu vikubwa vya historia ya taifa viache kwanza. Tafuta vijitabu vya jubilei za parokia, sharika na shule, maana humo mna majina ya wakristo wa kwanza, makatekista, walimu na wazee waliotoa ardhi. Tafuta historia za makabila zilizoandikwa na wenyeji wenyewe kwa Kiswahili. Na zaidi ya yote tafuta tasnifu za wanafunzi. Mwanafunzi aliyeandika kuhusu kilimo cha chai Mufindi au utawala wa machifu Rungwe alihoji wazee, na majina yao, umri na vijiji vyao vimo kwenye kurasa za mwisho ambazo wasomaji wengi hawafiki. Fungua nyuma kwanza. Ukikuta mzee wa kijiji chenu alihojiwa miaka ya tisini, huenda mwanawe bado yupo na anakumbuka alichokisema baba yake.

Ukiwa Iringa ingia pia kwenye Makumbusho ya Boma, jengo la Wajerumani lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 2016, na ufike Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Siyo kwa sababu kila Mhehe ni wa ukoo wa Mkwawa. Wengi sana wanadai hivyo na wengi hawana ushahidi. Ni kwa sababu maelezo ya pale yatakusaidia kupanga miaka.

Mkutubi nimwombe nini?

Mtajie mahali, kipindi na jambo. "Nataka habari za Ukinga, kati ya vita vya kwanza na uhuru, hasa za misheni na watu waliokwenda kufanya kazi nje." Ukimwambia unatafuta ukoo wako peke yake hana pa kukupeleka.

Mzee wangu hajui alizaliwa mwaka gani. Nifanyeje?

Mwulize alikuwa na ukubwa gani lilipotokea jambo ambalo tarehe yake inajulikana. Huku kwetu mambo hayo ni mengi. Vita vya Lugalo, Wahehe walipowapiga Wajerumani, vilikuwa tarehe 17 Agosti 1891, Kalenga ikaanguka mwishoni mwa Oktoba 1894, Mkwawa akafa tarehe 19 Julai 1898. Majimaji ni 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko bunduki. Mwaka 1916 na 1917 vita vya Waingereza na Wajerumani vilipita Iringa na Njombe, na wanaume wakakamatwa kuwa wapagazi. Homa kubwa ilifuata 1918. Nzige wanakumbukwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Kisha uhuru, kisha operesheni ya vijiji.

Chukua mfano. Bibi anasema, "Fuvu liliporudi nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, tukasimama mbali kwa sababu ya umati." Mtoto wa kike anayebeba mdogo wake ana miaka sita hadi kumi. Basi bibi alizaliwa kati ya 1944 na 1948. Mdogo aliyekuwa mgongoni alizaliwa 1952 au 1953, na huyo huenda ana cheti cha ubatizo. Kipate cha mdogo, utahesabu kurudi nyuma hadi kwa dada.

Andika "kati ya 1944 na 1948" na uache hivyo. Usichague mwaka mmoja kwa kupenda unadhifu. Na ukikuta kitambulisho kina 1 Januari au 1 Julai, ujue mara nyingi hayo ni makadirio ya aliyejaza fomu.

Majina hayafanani. Babu mmoja ana majina matatu, na ndugu wa baba mmoja wana majina tofauti ya mwisho. Nani ni nani?

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, mtu mmoja alikuwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo, jina aliloandikishwa shuleni na mwalimu aliyekuwa na haraka, na jina la mtoto wake wa kwanza: Baba Fulani, Mama Fulani. Kwenye vitabu anaweza kuwa chini ya lolote kati ya hayo. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akaandikishwa kwa jina la baba na mwingine kwa jina la babu, leo watoto wao wanadhani ni koo mbili. Fungua ukurasa mmoja wa daftari kwa kila mtu, na juu yake uorodheshe kila jina alilowahi kuitwa na nani alimwita hivyo.

Pili, tahajia. Wajerumani waliandika walivyosikia. Majina ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa- utayakuta yameandikwa Mua-, na Mwakaleli yenyewe imeandikwa Muakaleli. Soma kwa sauti. Sikio litatambua kile ambacho jicho limekipita.

Tatu, jina la ukoo peke yake halithibitishi undugu. Akina Sanga wamejaa Makete nzima. Kwa Wahehe na majirani zao uliza mlongo, yaani jina la sifa la ukoo, na mzilo, mwiko wa ukoo, mnyama au kitu kisicholiwa. Watu wawili wenye jina moja la mwisho lakini miiko tofauti, usiwaunganishe haraka. Na watu wenye majina tofauti kabisa wakikutana kwenye mlongo mmoja na mzilo mmoja, wakalishe pamoja.

Nne, maneno ya undugu. Mzee akisema "baba yangu" anaweza kuwa anamsema baba mdogo aliyemrithi mama yake baada ya msiba. Hajakudanganya, kwake yule ni baba. Uliza kwa upole, "Ndiye aliyekuzaa, au ndiye aliyekulea?" Penye wake wengi uliza pia nyumba: mke mkubwa au mdogo. Chora kila mke na watoto wake peke yao, maana kwenye mirathi na kwenye kumbukumbu watoto husema "sisi wa nyumba ya bibi fulani".

Vitabu vya ubatizo vinapatikana wapi, na nitaona nini humo?

Kwa wenye asili ya Kikristo hiki ndicho chanzo bora cha maandishi, kuliko ofisi yoyote ya serikali. Wamisionari wa Kijerumani wa Moravian na wa Misheni ya Berlin (Waberlin) walifika Unyakyusa mwaka 1891. Wamoravian walianzia Rungwe, wakaenda Utengule na Mbozi. Waberlin, ambao kazi yao leo ni ya Walutheri, waliendelea hadi Ukinga, Ubena na Upangwa: Tandala, Bulongwa, Kidugala, Lupembe, Milo. Wakatoliki wa Iringa wana Tosamaganga, iliyoanzishwa na Wabenediktini na kuchukuliwa na Wakonsolata wa Italia baada ya vita vya kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza ni dhehebu, la pili ni misheni mama. Kigango cha kijijini kwenu hakikuwa na kitabu chake miaka hiyo. Jina la babu liko kwenye kitabu cha misheni ambako padri au mchungaji alitoka.

Kitabu cha Kikatoliki cha zamani ni kikubwa na kizito, mistari yake imepigwa upana wa kurasa mbili, maandishi ni Kilatini. Utaona namba, tarehe, jina jipya la mtoto au mtu mzima, majina ya baba na mama, kijiji, msimamizi, na jina la padri. Paganus baada ya jina la baba ina maana tu kwamba hakuwa amebatizwa. Wasimamizi usiwapite, maana mara nyingi ni ndugu au majirani. Kisha angalia pembeni ya mstari. Kwa wino wa rangi nyingine, na mwandiko wa mtu mwingine, utakuta imeandikwa kwamba mtu huyu alifunga ndoa mwaka fulani, parokia fulani, na fulani. Kanisa lina utaratibu wa kurudisha taarifa ya ndoa kwenye kitabu cha ubatizo, hivyo mstari mmoja wa Tosamaganga unaweza kukupeleka moja kwa moja hadi Morogoro au Tanga, kwa tawi ambalo nyumbani walidhani limekwisha.

Nenda na barua ya utambulisho, kitambulisho, na jina la mtu mmoja unayemtafuta pamoja na makadirio ya mwaka. Mwachie paroko au mchungaji nafasi ya kukupangia siku. Usifike Jumapili baada ya ibada. Uliza kabla ya kupiga picha, na ukikataliwa nakili kwa kalamu. Toa sadaka bila kuombwa.

Usishangae ukikuta pengo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa wakati wa vita vya kwanza, na kule Unyakyusa Waskoti wa misheni ya Livingstonia, Malawi, ndio walioshikilia misheni hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya ishirini. Miaka hiyo vitabu vingine vilisimama, vingine vilihama. Ripoti na shajara za wamisionari ziko Ulaya: za Wamoravian Herrnhut, za Waberlin Berlin, za Wabenediktini Sankt Ottilien, za Wakonsolata Italia. Unaweza kuwaandikia, ila uwe na jina la misheni na mwaka.

Sisi ni Waislamu. Au: wazee wetu hawakubatizwa kabisa.

Kwa Waislamu ulizeni ofisi ya BAKWATA na maimamu wa misikiti ya zamani ya Iringa na Mbeya kuhusu vitabu vya ndoa, na mtafute familia za mashahidi na za mawalii (waliomwozesha bibi harusi) waliotajwa humo. Kwa ambao wazee hawakuwa na dini hizi mbili, kazi yenu inabebwa na midomo zaidi: makaburi, matambiko na anayeyaongoza. Anayetambika huita wahenga kwa mpangilio, wakubwa kwanza. Ukiruhusiwa kuwapo, sikiliza mpangilio huo, na uandike baadaye, usiandike palepale.

Babu alikwenda manamba, au Sauzi, akapotea. Kuna namna ya kumfuatilia?

Ipo, na usikate tamaa kabla ya kujaribu. Wakinga, Wabena na Wanyakyusa wengi walitoka kutafuta pesa ya kodi. Wengine walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, ambako kuanzia miaka ya arobaini waliandikishwa na SILABU, ofisi ya waajiri wa mkonge. Wengine walichukuliwa na WENELA, wakala wa kuandikisha vibarua wa migodi, hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, wengine walipanda kwenda migodi ya shaba ya Zambia. Tafuta kwanza kipande, ile kadi ya kazi yenye kuhesabu siku, au bahasha ya barua yenye muhuri wa posta. Jina la shamba au mgodi ndiyo ufunguo.

Baada ya hapo tafuta wenzake kabla ya kumtafuta yeye. Watu walisafiri kwa makundi kutoka kijiji kimoja, na waliorudi walijua nani alioa huko na nani alizikwa huko. Muheza, Korogwe na Kilosa zina familia za asili ya huku ambazo zimekaa vizazi vitatu. Kitwe na Mufulira pia. Wao nao wanatafuta kwao.

Operesheni ya vijiji ilituhamisha. Makaburi yako wapi?

Yako kwenye mahame. Kati ya 1973 na 1976 watu wengi waliondolewa kwenye viwanja vyao wakakusanywa barabarani, na Iringa wengi wanautaja mwaka 1974. Mtafute mtu aliyekuwa kijana wakati huo, miaka kumi na tano hivi, maana alibeba mizigo na anaijua njia. Nenda naye kwa miguu. Miti ya kupandwa, mawe ya mafiga, mashimo ya nyumba vitakuonyesha kiwanja. Chukua alama ya mahali kwa simu, piga picha, na mwombe ataje nani alilala wapi akiwa amesimama pale, kwa sababu akirudi nyumbani nusu itampotea.

Sensa na RITA je?

Sensa haitakusaidia, taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri. RITA, wakala wa serikali wa usajili, itakusaidia kwa vizazi na vifo vilivyosajiliwa, lakini vijijini usajili ulikuwa mdogo sana miaka ya nyuma. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulizinduliwa Mbeya mwaka 2013. Kwa babu, nenda kanisani.

Nyaraka za Taifa zina nini?

Ziko Dar es Salaam, na zina majalada ya Wajerumani na Waingereza. Tafuta Kitabu cha Wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika nasaba za machifu, mipaka na habari za makabila. Ukiwa wa ukoo wa chifu au jumbe utakuta mengi. Lakini soma ukijua kwamba kuanzia 1926 Waingereza walikuwa wakitawala kwa kupitia machifu, na kila anayedai kiti alileta nasaba inayompendelea. Linganisha na anachosema ukoo ulionyimwa kiti.

Tumia majina ya zamani. Makete itafute ndani ya Njombe, Kyela ndani ya Rungwe, Mbozi ndani ya Mbeya. Tukuyu kwa Wajerumani ni Neu-Langenburg. Mikoa ya Njombe, ya mwaka 2012, na Songwe, ya mwaka 2016, haimo kwenye jalada lolote la mkoloni.

Nipime vinasaba?

Mimi nisingeanza huko. Kipimo kinakulinganisha na waliopimwa, na shangazi zako wa Ludewa hawamo. Nauli ya kwenda kuwaona itazaa zaidi.

Ndugu wananiogopa. Wanadhani nimekuja kudai shamba.

Wana sababu. Wengi wamewahi kuona kijana wa mjini akija na daftari, na mwaka uliofuata akaja na hati. Sema wazi mwanzoni kabisa, mbele ya mashahidi, kwamba hudai ardhi. Usiulize mipaka, usipige picha shamba, usibebe mafaili. Nenda na mtu wanayemwamini, bora mama mzee kuliko kijana. Na ukishakusanya, rudisha: wapelekee mti wa ukoo uliochapwa, wasahihishe kwa kalamu. Wakiona majina ya watoto wao yameandikwa vizuri, wao wenyewe watakutajia waliobaki.

Nimegundua jambo ambalo familia ilificha. Niliandike?

Karne ya kumi na tisa huku ilikuwa ya vita: Wahehe na Wasangu, Wahehe na Wangoni kati ya 1878 na 1882. Wanawake na watoto walitekwa, wakaolewa, wakazaa, na watoto wakawa wa ukoo. Bibi mzaa babu yako anaweza kuwa alifika hivyo. Jina lake na alikotoka liandike kwa heshima ileile unayompa babu shujaa, maana yeye ndiye aliyepotezewa kwao.

Kwa walio hai ni tofauti. Mtoto wa nje ambaye hajaambiwa, ugonjwa, talaka: acha kwenye daftari lako na usiweke kwenye kundi la ukoo. Mwenye jambo ndiye mwenye ruhusa. Tangu 2022 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nikimaliza, niweke wapi?

Usingoje kumaliza. Kila mwaka chapa ulichonacho, hata kurasa ishirini, na kila taarifa iwe na aliyeitoa, mahali na tarehe. Sauti ulizorekodi ziweke sehemu mbili tofauti na simu yako. Nakala moja mpe shangazi, moja mpe tawi lililo mbali zaidi, moja iache kanisani, na moja ipeleke maktaba ya mkoa. Mwombe mkutubi aiweke kwenye rafu ya historia ya mkoa, na uandike namba ya simu ndani ya jalada ili ndugu usiowajua waweze kukupigia.